Barua kwa Mwanangu: Maandishi Madogo Chini ya Mkataba

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini masharti mazito ya mkataba huchapwa kwa maandishi madogo, na kama yatakufunga hata usipoyasoma kabla ya kutia saini.

Nianze na la pili, maana ndilo lenye gharama. Kwa kawaida yatakufunga. Mwaka 1934, mahakama ya Uingereza iliamua shauri la mwanamke mwenye mkahawa aliyenunua mashine ya kuuzia sigara, nayo haikufanya kazi ipasavyo. Alipodai haki yake, muuzaji alionyesha kifungu cha herufi ndogo mno kilichofuta kila dhamana ambayo haikutajwa katika fomu. Hakuwa amekisoma, lakini alikuwa ametia saini bila kudanganywa, kwa hiyo akashindwa. Wakili wa muuzaji alikuwa Alfred Denning, ambaye mwaka 1956, akiwa sasa jaji, alisema kuwa vifungu vingine ni vikali kiasi kwamba vingehitaji wino mwekundu na mkono mwekundu wa kuvielekezea ndipo mtu ahesabiwe ameonywa. Mageuzi hayo hunichekesha kila nikiyakumbuka.

Kuhusu la kwanza, si kila herufi ndogo ni mtego; mara nyingine masharti ni mengi na karatasi ni finyu. Hata hivyo, maandishi makubwa ndiyo yanayoahidi na madogo ndiyo yanayoipunguza ahadi, kwa hiyo yasome ukitafuta maneno kama “isipokuwa”, “endapo” na “bila taarifa”. Ninachokiogopa zaidi ni kifungu kinachoruhusu upande mmoja kubadili bei upendavyo, kwa sababu bei uliyoikubali inageuka kuwa ya muda tu. Kuna pia mkataba unaojihuisha wenyewe usipotoa notisi mapema, na ule unaokunyima njia ya mahakama na kukupeleka kwa msuluhishi.

Sheria haikukuacha mikono mitupu: kifungu chenye utata aghalabu hutafsiriwa dhidi ya aliyekiandika, na katika Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1993, sharti la kidhalimu halimfungi mlaji.

Usipoelewa kifungu, omba ufafanuzi kwa maandishi kabla ya kutia saini. Maelezo matamu ya mdomo huenda yakafutwa na mstari mmoja, ambao kwa kawaida huwa karibu na mwisho, unaosema kwamba makubaliano yote yamo ndani ya karatasi hiyo.

Ni mimi,
Mama yako