Hakuwa mvivu, magoti yalikuwa yanamuuma

Msimu wa korosho, mwanangu alikuwa akiokota dakika kumi tu, kisha anakaa chini ya mkorosho na kuanza kujing'ata mkono. Ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo, na maneno yake ni machache, kwa hiyo nilidhani ni jua au kelele. Majirani walisema mvivu. Nami nikamhimiza ainuke. Hilo linaniuma mpaka leo.

Usiku aliamka analia, ameshika magoti. Bibi yake alimkanda kwa maji ya moto, asubuhi akakimbia, tukasema anakua. Na wageni wakija tulimwambia awaonyeshe anavyokunja vidole kinyumenyume! Tulikuwa tunashangilia jambo lililokuwa linamuumiza.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndiye aliyetufungua macho. Kuna kipimo cha alama 9: vidole vya mwisho kurudi nyuma kupita nyuzi 90, madole gumba kulalia kigasha, yaani mkono kati ya kifundo na kiwiko, viwiko na magoti kupinda kinyume, viganja kugusa chini magoti yakiwa yamenyooka. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, 6 au zaidi zinaonyesha viungo vimelegea kupita kawaida. Wangu alipata 8. Kano zinazounganisha mifupa zikilegea, misuli ndiyo inayoshika viungo kutwa nzima, jioni imechoka na inauma.

Wala si yeye peke yake. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, alioshiriki daktari Jessica Eccles, uliwapima watu wazima wenye usonji na hali nyingine za ukuaji wa ubongo, ukakuta karibu nusu yao wana viungo vya namna hii. Si kila mwenye usonji anavyo, na si kila aliye navyo anaumwa. Lakini mama mwenzangu, mtoto wako akigoma kutembea au kuandika, mtazame viungo kabla hujamgombeza.

Msimvute wala kumnyoosha zaidi, na ile michezo ya vidole iacheni kabisa. Anachohitaji ni misuli yenye nguvu. Sisi tunashuka naye ufukweni Mikindani, huku Mtwara, ghuba imetulia, anatembea kwenye maji ya kifuani yanayombebea uzito. Mwanzoni dakika tano tu, kisha tukaongeza taratibu. Penseli yake nimeizungushia kitambaa iwe nene. Ndoo ya maji habebi tena, hata shangazi zake wakinuna.

Kiungo kikivimba, kikiwa cha moto, au mtoto akipata homa, msisubiri, nendeni hospitali. Ombeni pia apimwe sikoseli, maana nayo huumiza mifupa na inapatikana sana nchini kwetu Tanzania.

Kumuuliza "unaumwa wapi?" hakukunisaidia kitu, alinyamaza au alirudia swali langu. Sasa namchorea mtu mchangani nje ya nyumba, nampa vijiwe, anaviweka panapouma. Jana aliweka vitatu: viwili magotini, kimoja kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule anaoandikia. Sikuwa nimewahi kujua kwamba na huko kunauma.