Unapokwenda kupima mapafu: pumzi ijae, na usikate mapema

Kipimo cha uwezo wa mapafu, ambacho hospitalini utasikia kikiitwa spirometri, hakina sindano wala maumivu. Tatizo lake ni kwamba kinamtegemea mgonjwa kupita kiasi. Damu ikishatolewa, maabara inamaliza kazi wewe ukiwa umekaa kwenye benchi. Hapa mashine inaandika kile ulichopuliza tu. Ukipuliza ovyo, daktari anasoma ugonjwa usio nao, au unao na hauonekani.

Maandalizi makubwa ni ya dawa. Pampu ya kuvuta inayofungua njia za hewa haraka, yaani salbutamoli, kwa kawaida haitumiki saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na zile za kutwa mara mbili zenye salmeteroli au formoteroli huachwa saa 24. Usijipangie mwenyewe, muulize aliyekuandikia kipimo, kwa sababu wakati mwingine anataka kuona mapafu yanavyofanya kazi ukiwa umetumia dawa. Kama unasafiri kutoka wilaya ya mbali, tuseme Kondoa au Mpwapwa, pampu ikae mfukoni, si kwenye begi lililofungiwa kwenye buti la basi. Ukibanwa njiani, vuta. Ukifika, taja saa uliyovuta. Kuahirisha kipimo si hasara kubwa.

Usivute sigara saa moja kabla, usinywe pombe saa 8 kabla, na usijaze tumbo ugali saa mbili kabla, maana tumbo lililojaa linazuia pumzi kushuka. Legeza mkanda au kanga iliyokaza kiunoni. Fika mapema upumzike. Pitia chooni pia: kupuliza kwa nguvu kunasukuma kibofu, na akina mama waliozaa wanajua hilo linaishia wapi.

Yapo mambo ya kusema kabla hujaingia: upasuaji wa karibuni wa jicho, kifua, tumbo au kichwa, mshtuko wa moyo, kukohoa damu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yapimwe TB kwanza. Chumba kile ni kidogo na kila anayeingia anapuliza kwa nguvu zote.

Ndani utapimwa urefu bila viatu. Usitaje urefu wa kwenye kumbukumbu, kwa sababu mashine inakulinganisha na watu wenye afya wa umri, jinsia na urefu wako. Sentimita 5 za uongo zinahamisha jibu. Meno ya bandia yasiyolegea yabaki mdomoni, yanasaidia midomo kubana. Utaketi wima, utabanwa pua kwa kibanio, na utapewa kipande kipya cha kuweka mdomoni chenye kichujio.

Sasa kazi yenyewe. Vuta hewa mpaka isiingie tena, kisha bila kusita ifyatue yote kwa kishindo, na uendelee kusukuma hata unapohisi hakuna kitu. Mtaalamu atapaza sauti: "Puliza, puliza, endelea, endelea!" Wazee wengine huona wanafokewa na kijana wa rika la wajukuu wao. Ndivyo kipimo kinavyofanyika, na mtaalamu mpole kupita kiasi hutoa majibu mabovu.

Kinachoharibika mara nyingi ni mwisho. Mtu hukata sekunde ya 3 akidhani amemaliza, kumbe mapafu yaliyobana hutoa hewa polepole na yanaweza kuhitaji sekunde 10 au zaidi. Daktari hugawanya hewa ya sekunde ya kwanza kwa jumla ya hewa yote. Tuseme sekunde ya kwanza umetoa lita 1.8 na jumla ni 3.0: hiyo ni 0.60, na chini ya 0.70 huashiria njia za hewa zimebana. Ukikata kwenye lita 2.4, hesabu inasoma 0.75 na unaambiwa uko sawa. Kosa la upande wa pili ni kuanza bila kujaza kifua, ambapo mapafu mazima huonekana yamesinyaa. Kukohoa mwanzoni, ulimi kuziba tundu na hewa kuvuja pembeni ya midomo ni mambo ya kurudia tu.

Utapuliza angalau mara 3 zinazokubalika, kwa kawaida zisizidi 8, na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Kizunguzungu kikija, sema, pumzika. Kisha huenda ukavutishwa salbutamoli, mara nyingi mivuto 4, usubiri dakika 15, na kupuliza upya. Usiondoke kwenye subira hiyo kwenda kutafuta chai mbali. Ndiyo inayosaidia kutenganisha pumu na kubana kusikofunguka, kama kule kunakoletwa na miaka ya moshi wa kuni na mkaa.

Omba nakala yenye michoro, si sentensi ya majibu pekee. Aliyewahi kuugua TB au kufanya kazi ya kuponda mawe na kuchimba madini alitaje hilo hata asipoulizwa. Jumla ya hewa ikiwa ndogo huku ule mgawanyo wa hewa ya sekunde ya kwanza kwa jumla ukiwa wa kawaida, spirometri peke yake haitoshi. Utahitajika kupigwa picha ya kifua au kufanyiwa vipimo vingine.