Kuufanya utafiti wa uongozi na usimamizi kuwa kazi ya maisha: jibu la mtu aliye ndani yake

Ndugu mwanajukwaa, umeeleza kwamba una shahada ya uzamili, umefanya kazi katika idara ya rasilimali watu kwa miaka sita, na sasa unafikiria kuacha ajira ili usomee uzamivu katika uongozi na usimamizi wa taasisi. Umeuliza mambo mawili: kama mtu ambaye hajawahi kuwa bosi anaweza kuwatafiti mabosi, na kama kazi hii inamtunza mtu au inaishia kwenye vyeti. Nina miaka 19 katika kazi hii, tangu nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu hadi leo ninaposimamia wanafunzi wangu mwenyewe, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Swali la kwanza halina ugumu. Si lazima uwe umewahi kuongoza. Unachohitaji ni subira ya kukaa mahali watu wanapofanya kazi, kutazama, na kuendelea kutazama hata baada ya kudhani kwamba umeshaelewa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi nilianza kinyume chake.

Katika utafiti wangu wa kwanza nilisambaza dodoso kwa wafanyakazi zaidi ya 300 wa taasisi moja. Kila mmoja alimpima msimamizi wake kwa alama 1 hadi 5, kisha katika ukurasa wa pili akaeleza jinsi yeye mwenyewe anavyoridhika na kujituma kazini. Nilipochambua takwimu, uhusiano kati ya sifa za msimamizi na ari ya wafanyakazi ulikuwa mkubwa ajabu. Nikaandika makala, nikaipeleka kwenye jarida la kitaaluma, nayo ikarudi baada ya miezi saba ikiwa imekataliwa. Mhakiki mmoja alieleza kwa upole kwamba mtu yuleyule, siku ileile, ndiye aliyejibu pande zote mbili. Aliyeamka na moyo mweupe atamsifu bosi wake na atajiona anajituma, na aliyeamka na dukuduku atafanya kinyume, hivyo huenda nilichokipima ni hali ya moyo wa mjibuji tu. Kosa hilo linajulikana vizuri katika fani yetu, hasa tangu mtafiti Podsakoff na wenzake walipochapisha mapitio yao kuhusu makosa ya namna hiyo mwaka 2003. Nilikuwa nimeyasoma mapitio hayo, lakini sikuwa nimejiona ndani yake.

Nilirudi kwenye boksi la madodoso nikaanza kuyasoma moja moja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuingiza namba kwenye kompyuta. Dodoso moja lilinisimamisha. Mjibuji alikuwa amezungushia 5 katika kila mstari, pamoja na ule tuliougeuza makusudi uwe wa lawama, ili kumnasa anayejibu bila kusoma, uliosema, "Msimamizi wangu hanisikilizi." Pembeni, kwa penseli iliyofutwa nusu, aliandika: "Fomu hizi anazikusanya yeye?" Ilikuwa kweli. Ofisi iliyonipa kibali ndiyo iliyopanga utaratibu wa kukusanya, na wasimamizi ndio waliopita mezani kuzichukua. Namba zangu zote zilikuwa zimepita mikononi mwa watu waliokuwa wakipimwa, na maneno yale ya penseli yalinifundisha mengi kuhusu uongozi wa mahali pale kuliko majedwali yangu yote.

Tangu hapo nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu mfano wa Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya utoaji wa dawa hospitalini. Alitarajia kwamba vikosi vyenye uhusiano mzuri na viongozi wazuri vingekuwa na makosa machache, lakini takwimu zikaonyesha kwamba vikosi hivyo ndivyo vilivyoandikisha makosa mengi zaidi. Angeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba uongozi mzuri una madhara. Badala yake mtafiti msaidizi, ambaye hakuambiwa dhana iliyokuwa ikipimwa, alikwenda kukaa katika wodi na kuzungumza na watu. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba katika vikosi vizuri watu hawakuogopa kusema wamekosea, na katika vingine makosa yalifichwa. Namba ileile ilibeba maana mbili, na ni mtu aliyekwenda kutazama aliyeweza kuzitenganisha.

Fani yenyewe ilianza kwa kutazama. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani ambaye mawazo yake yalichapishwa mwaka 1911, alipima kazi za viwandani kwa saa maalumu ya kupimia muda. Watafiti wa kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago walikaa na wafanyakazi kati ya mwaka 1924 na 1932. Na Henry Mintzberg, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1973, aliwafuata watendaji wakuu watano, kila mmoja kwa wiki nzima, akakuta kwamba nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika tisa. Ukimuuliza mkurugenzi mtindo wake wa uongozi, atakupa hotuba nzuri. Ukimfuata siku nzima, utaona simu, mlango unaogongwa, saini, swali la haraka koridoni, na ndani ya vipande hivyo ndimo uongozi wake ulimo.

Kwangu mimi, utafiti uliobadilisha mwelekeo wangu ni ule wa Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White wa mwaka 1939. Waliwaweka wavulana wadogo katika vikundi vya kazi za mikono chini ya viongozi wa namna mbalimbali, kisha, pamoja na mambo mengine, wakatazama kinachotokea kiongozi anapotoka chumbani. Katika vikundi vya kiongozi wa kuamrisha, kazi ilishuka. Katika vikundi vya kiongozi aliyewashirikisha, iliendelea. Niliposoma hayo nilijiuliza kwa nini nimekuwa nikitafuta uongozi mahali kiongozi alipo tu.

Basi nikaomba ruhusa ya kukaa katika karakana moja ya matengenezo ya mitambo kwa miezi mitano. Kulikuwa na vikosi viwili vya kazi ileile, kila kimoja na fundi mkuu wake. Fundi mkuu wa kikosi cha kwanza alipoitwa ofisini, spana ziliwekwa chini mara moja, na watu wakageukia mlango kila waliposikia hatua. Wa kikosi cha pili aliitwa siku hiyohiyo akakaa nje dakika 22. Hakuna aliyeinua kichwa. Katika dakika ya kumi na kitu, kijana mdogo kuliko wote, aliyekuwa na miezi michache tu kazini, aliwazuia wakubwa wake wasifunge kifuniko: "Subirini kwanza, boliti ya nyuma hatujaikaza." Fundi mzee kuliko wote akarudisha kifuniko chini, akachukua spana, akakaza, wakaendelea. Hakuna aliyemsifu wala kumkaripia. Niliandika tukio hilo kwa mistari minne, na makala niliyoijenga juu yake, pamoja na mengine ya aina hiyo, ndiyo iliyonipandisha cheo miaka mitatu baadaye.

Sasa swali lako la pili. Kazi hii inatunza, lakini kwa mwendo wa polepole. Sehemu kubwa ya juma lako itakuwa kufundisha, kusahihisha na kuhudhuria vikao. Utafiti utaufanyia kwenye nafasi utakazozipigania mwenyewe. Makala moja inaweza kuchukua miaka miwili au mitatu tangu wazo hadi kuchapishwa, na kukataliwa ni sehemu ya kawaida ya safari, hata kwa maprofesa. Kuna pia mwito wa kutoa mafunzo ya uongozi kwa mashirika, unaolipa upesi kuliko chuo. Sikukatazi, ila jihadhari usije ukaahidi mambo ambayo ushahidi hauwezi kuyabeba. James Meindl na wenzake walionyesha mwaka 1985 jinsi sisi binadamu tunavyopenda kumpa kiongozi sifa au lawama kwa matokeo ambayo sababu zake zipo kwingine, na mtafiti wa uongozi ndiye wa kwanza kuingia katika mtego huo, kwa kuwa riziki yake inategemea uongozi uonekane mkubwa.

Jambo linaloumiza zaidi ni la kibali na uaminifu. Mkurugenzi mmoja aliyenifungulia milango ya shirika lake aliniita baada ya miezi minane akaniomba majina ya waliolalamika katika mahojiano. Alisema anataka kuwasaidia. Nilimjibu kwamba niliwaahidi wale watu siri kwa maandishi na siwezi kuivunja. Wiki iliyofuata kibali kilifutwa, nikapoteza sura nzima ya kitabu. Ningerudi kwenye kikao kile leo, ningetoa jibu lilelile, lakini ningekuwa nimeweka sharti hilo katika barua ya makubaliano tangu siku ya kwanza, na nakuomba ufanye hivyo.

Miaka yako sita katika rasilimali watu ni hazina. Unajua jinsi fomu za kupima utendaji zinavyojazwa kweli, nani huijazia ofisini na nani huijazia nyumbani, na kwa nini alama za mwisho wa mwaka hufanana. Watafiti wengi hujifunza hayo kwa kuchelewa. Hata hivyo, usiitafiti taasisi inayokulipa mshahara huku ukiwa bado afisa wake, kwa sababu watu watazungumza na cheo chako, na hutajua ni lipi wamelificha.

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tumia likizo yako kwa majaribio. Omba ruhusa mahali ambapo huna mamlaka yoyote, kaa siku kumi, na uandike kila jioni ulichokiona na saa ulipokiona, bila kutoa tafsiri kwanza. Siku tatu za mwanzo zitakuchosha, na siku ya tano utaona aibu kwa kuwa huna la kufanya. Ukifika siku ya kumi ukiwa bado na maswali, ziweke hapa kurasa zako baada ya kuondoa majina ya watu na ya mahali, nami nitazisoma.