Kabla Hujaukuza Mtambo Wako wa Majaribio

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye pampu na matangi ya mafuta hapa Changamwe. Mainjinia vijana wanaokuja kunitaka ushauri huwa na swali moja: mtambo wa majaribio umefaulu, sasa tujenge mkubwa kiasi gani? Mimi huwapeleka kwanza Alberta, Kanada, kwenye mchanga wa lami wa Athabasca. Sijui mahali palipolipa ada kubwa zaidi kwa somo hili.

Maabara haikuwa na shida. Tangu miaka ya 1920, mkemia Karl Clark alionyesha kwamba mchanga ule ukikorogwa na maji ya moto na soda kidogo, lami huachana na punje na kuelea juu pamoja na povu. Hata hivyo, kiwanda cha kwanza kikubwa, Great Canadian Oil Sands, kilifunguliwa Septemba 1967, na Clark alikuwa ameshafariki. Kilichokuwa kigumu muda wote huo ni wingi. Pipa moja la mafuta hudai takriban tani mbili za mchanga, na kiwanda kile kilikusudiwa kutoa mapipa 45,000 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe uone ni mchanga kiasi gani wa kuchimba, kuosha na kumwaga kila kukicha. Majira ya baridi mchanga uliganda, na mashine za kuchimba zikaliwa meno.

Lakini kwangu funzo kubwa ni maji. Ndani ya mchanga ule mna udongo wa mfinyanzi laini sana. Maji ya kuoshea yakishamwagwa bwawani, mchanga mzito hushuka upesi, ila ule udongo hubaki umening'inia, ukawa tope zito kama uji uliopoa, na hukaa hivyo kwa miongo. Kiwanda hurudisha maji ya juu yakatumike tena, na chumvi huzidi kujikusanya humo. Sasa fikiria mtambo mdogo unaopewa maji safi kila asubuhi: mambo hayo yote utayaonea wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, nao nauweka mbele ya mengine yote: uendeshe mtambo wako kwa maji yake yenyewe, wiki baada ya wiki, bila kuyabadilisha. Iwe unakamua mafuta ya nazi Kilifi au unachemsha sabuni Miritini, ni mamoja. Ulishe malighafi duni pia, ile ambayo msambazaji atakuletea siku ambayo nzuri imeadimika. Na wauendeshe mafundi wa zamu ya usiku. Injinia aliyeuchora akae kando.

La pili, uzime makusudi ukiwa umejaa. Mafuta ghafi ya Turkana, yaliyoanza kuletwa Mombasa kwa malori mwaka 2018 katika mpango wa majaribio, yana nta nyingi, ndiyo maana yalisafirishwa katika matangi yanayotunza joto. Mafuta ya tabia hiyo nayajua kwa mikono yangu. Stima ikipotea usiku, bomba lililovikwa vizuri kutunza joto hustahimili. Panapoanza kuganda ni kwenye valvu iliyoachwa uchi na kwenye chujio la mdomo wa pampu. Alfajiri ukifungua chujio unakuta nta ya kahawia imekaza matundu yote, unaikwangua kwa kisu, na huku Mombasa joto lenyewe unalijua. Mtambo usiozimwa haukuonyeshi pa kupitisha bomba la mvuke.

Kuhusu hatua za kukua, mimi si mtu wa kuruka. Mbinu ya kuingiza mvuke ardhini ili lami itiririke hadi kisima cha chini ilijaribiwa hukohuko Alberta, karibu na mji wa Fort McMurray, kuanzia 1987, kwanza kwa visima vifupi, kisha virefu. Mwenye mtaji hatapenda kusikia habari ya hatua ya katikati. Mwambie hivyohivyo.

Nikiletewa ripoti ya majaribio, kurasa za uzalishaji nazipitia haraka. Natafuta kurasa za siku ulipokwama: nini kiliziba, spea gani ilikwisha, maji machafu yalikwenda wapi. Kurasa hizo zisipokuwemo, nawarudisha wakaendeshe hadi masika yapite, na benki wasiende kwanza.