Uliza Shangazi: Nje imeungua, ndani mbichi

Swali: Shikamoo shangazi. Jumapili nilialika wakwe zangu kula nyama choma. Asubuhi nilinunua kilo tatu za steki, nikaikamulia ndimu na kuitia chumvi hapohapo. Saa saba mchana nikawasha kuni za mkaratusi katikati ya mawe matatu niliyookota ufukweni, nikaweka wavu na nyama juu. Nje ikawa nyeusi tii, ndani damu, na inanuka kama dawa ya kuchua. Halafu jiwe moja likapasuka, pa! Nimekosea wapi? – Msomaji, Buswelu

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na jiwe, maana lingeweza kumtoa mtu jicho. Mawe ya ufukweni yamekunywa maji. Yakipata moto, maji yaliyojificha kwenye nyufa yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, jiwe linapasuka. Mimi liliwahi kunipasukia hapa uani kwangu Kirumba, kipande kikatoboa ndoo aliyokuwa ameshika mjukuu wangu. Tangu siku hiyo natumia matofali ya kuchoma, makavu.

Sasa nyama. Uliiweka kwenye moto unaowaka, ikaungua kabla joto halijafika ndani. Nyama inataka makaa. Washa kuni mapema, kama saa nzima kabla, uziache mpaka ndimi za moto zitulie na makaa mekundu yavae jivu jepesi jeupe. Yasogeze yote upande mmoja, mwingine uwe mtupu. Pitisha kiganja juu ya wavu uhesabu: ukifika nne ndipo joto linakushinda, weka nyama. Likikushinda kwenye mbili, subiri, hata kama wakwe wanatazama saa. Ishike rangi kwanza juu ya makaa, halafu ihamishie upande mtupu iive polepole, ukiigeuza. Mafuta yakidondoka moto ukaruka, sogeza nyama. Usimwagie maji, yatarusha jivu lote juu ya chakula. Na mchana upepo wetu unatoka ziwani, kwa hiyo kinga upande huo kwa kipande cha bati, la sivyo makaa yataisha nyama ikiwa nusu.

Mkaratusi achana nao. Ile harufu ya dawa ya kuchua ni mafuta ya mti wenyewe. Msonobari nao una utomvu unaotoa masizi. Mabaki ya mbao za fundi yenye rangi au dawa usiyaguse kabisa. Tafuta mgunga mkavu, au matawi ya mwembe au mpera yaliyokaa juani miezi kadhaa.

Chumvi haikukosea. Ndimu ndiyo ilikaa mno, ikaanza kuipika nyama kwa nje. Iweke mezani, kila mtu akamulie sahani yake. Tena nyama iliyochinjwa alfajiri bado imekakamaa, na ng'ombe wetu wa Usukumani ametembea sana kutafuta malisho. Nunua Jumamosi, ilale kwenye friji. Muombe mwenye bucha akuchanganyie mbavu na kipande cha nundu, mafuta yake yatalainisha vinginevyo vyote.

Jambo moja nakusihi: hiyo yenye damu usimpe mtu, hata kama njaa imewazidi. Nyama ya ng'ombe isiyoiva huweza kuwa na vibuu vya tegu. Nunua yenye mhuri wa mkaguzi, kisha ikate katikati uangalie kabla ya kuipeleka mezani.

Swali: Shangazi, jirani ananiambia nipake papai nyama ilainike. Ni kweli? – Msomaji, Igoma

Jibu: Kweli kabisa, ila liwe bichi, lile lenye utomvu mweupe. Lisage, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, pakaa nusu saa kabla ya kuchoma. Usiliache lilale na nyama: binti yangu alifanya hivyo, asubuhi tukakuta imelegea kama ini, ikawa inapukutika kati ya nyaya za wavu na kuangukia kwenye makaa.