Kabla ya Kuuliza Bei ya Programu, Uliza Daftari Litakuwa la Nani

Shangazi yangu alinipigia simu Jumamosi moja nikiwa nyumbani Roysambu, Nairobi, ndoo ya nguo bado iko mlangoni. "Kuja Kariobangi," akasema, "mashine imetufungia nje." Nilidhani wamesahau paswadi. Nilipofika niliwakuta kina mama tisa kwenye viti vya plastiki, wameizunguka laptopu moja, na kwenye skrini kuna maneno machache tu: leseni imekwisha, lipa ili uendelee.

Kikundi chao cha akiba na mikopo kilikuwa kimechelewa kulipia programu miezi miwili. Ndani yake mlikuwa na michango ya miezi kumi na mmoja, mikopo, majina ya wadhamini, faini za kuchelewa. Aliyewauzia hakushika simu. Mwekahazina, mama anayeuza omena, alikuwa ameweka mikono yake juu ya daftari la kaunta ambalo waliacha kuliandika siku mashine ilipoletwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi rekodi ni zetu ama ni zao?"

Kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha, huu ni mwaka wa tisa. Hadi siku hiyo nilikuwa na maoni yangu kuhusu programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha, na maoni yangu kuhusu siasa za mrengo wa kushoto, na sikuwa nimeona yanavyokutana. Yule mama aliyakutanisha kwa swali moja. Kikundi kinakusanya senti za watu wanaoamka saa kumi usiku kwenda sokoni, halafu ufunguo wa hesabu zao unakaa mfukoni mwa mtu ambaye hawajawahi kumwona kwenye mkutano.

Kwa hiyo chama chochote kikiniomba ushauri, kiwe cha boda boda au cha kanisa, sianzi na bei. Nawaambia wamwite muuzaji, aingize majina matatu ya mfano na michango ya mfano, kisha aitoe yote mbele yao katika faili inayofunguka kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu yake. Akishindwa, ama akisema hiyo ni huduma ya kulipiwa kando, msitie sahihi. Jaribio hilo halichukui hata nusu saa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake mwenyewe katika muundo unaosomeka na mashine, lakini haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja kuhusu taarifa zake binafsi. Hesabu za kikundi zinalindwa na mkataba, na mkataba huo mnautengeneza siku ya kwanza, mkiwa bado na pesa mkononi.

Kuzirudisha zile rekodi kulituchukua Jumamosi nne. Tulichukua taarifa ya M-Pesa ya laini ya kikundi, tukachukua risiti kwenye mikoba ya kina mama, na penye pengo tukauliza mbele ya wote mpaka wakakubaliana. Tuliandika kwenye jedwali la LibreOffice Calc, programu huria ya majedwali, mstari mmoja kwa kila malipo: tarehe, jina, simu, kiasi, sababu. Mambo mawili yalitutesa, na nayaeleza kwa sababu yatakutesa nawe. Ukiifungua faili ya CSV, yaani data iliyoandikwa kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, bila kuangalia, namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri, kwa kuwa mashine inaidhani ni kiasi. Na 03/04 inaweza kusomwa kama tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili. Mchango wa mama mmoja ulihama mwezi hivyo, akaonekana ana faini ambayo hakuwa nayo. Alinyamaza tu akinitazama, na mtazamo huo sitausahau. Dawa ni pale kwenye dirisha la kuingiza faili: bonyeza kila safu, ile ya simu uiite maandishi, ile ya tarehe uiambie siku inatangulia mwezi.

Kanuni nyingine tuliichukua kwenye daftari lao la zamani, maana wao walikuwa wahasibu kabla yangu. Kosa halifutwi. Linaandikiwa mstari mpya wa kulirekebisha, ili yeyote akirudi nyuma aone lilivyotokea. Faili inakaa kwenye fleshi mbili, nyumba mbili tofauti, na jumla ya kila mwezi inaandikwa kwa kalamu kwenye daftari la kaunta na kutiwa sahihi na watu watatu.

Kiswahili kimetupa bahati katika jambo hili. Kiingereza kinatumia neno moja, free, kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru, na watu wa huko wamekesha miaka wakieleza tofauti. Sisi tuna huria, na tuna bure. Na bure yetu ina maana ya pili: kazi bure ni kazi iliyopotea. Programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia kwa shughuli yoyote, kuifungua uone inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kumpa mwenzako nakala, ya asili au uliyoirekebisha. Mwandishi wa programu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo huria wa kompyuta, mwaka 1983, na leseni yake ya GPL ilipofuata mwaka 1989, hicho ndicho kilichotafutwa: atakayeigawa kazi hiyo baada ya kuibadilisha asiwanyime wanaopokea uhuru alioupata yeye.

Uhuru huo una matunda ya kuonekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi, kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2010, kampuni ya Oracle ilipokuwa imeinunua Sun iliyoisimamia OpenOffice, sehemu kubwa ya watu walioijenga hawakuridhika. Wakachukua msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, wakaondoka nao, wakaita kazi yao LibreOffice. Leseni iliwaruhusu. Niliwasimulia kina mama hadithi hiyo tukinywa chai, na mwekahazina akasema, "Kumbe walihama na daftari lao." Mimi sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Wapo makomredi wangu ambao huona haya yote ni mambo ya watoto wa kompyuta. Tukikaa kujadili ardhi, kodi ya nyumba na bei ya unga, nikitaja programu wananiambia tuanze na mkate. Nawaheshimu, lakini nawapinga kabisa. Makhan Singh, aliyeunda vyama vya wafanyakazi katika mji huu, alifanya kazi kwenye matbaa ya baba yake hapa Nairobi, na nadhani mtu aliyegusa mashine ya kuchapisha alielewa upesi umuhimu wa kuwa nayo. Wakoloni walimkamata Mei 1950 na hawakumwachilia mpaka 1961. Baba yangu alifanya kazi Industrial Area, na kadi yake ya chama cha wafanyakazi tunayo hadi leo kwenye sanduku la vyeti. Mjukuu wa mfanyakazi yule leo anapangiwa zamu na programu, anakatwa mshahara na programu, anakopeshwa na kudaiwa na programu. Kama hatuwezi kuifungua tuone inahesabu vipi, tutagombana na meneja ambaye naye atatuambia mfumo ndio umekataa.

Ila upande wa programu huria nao una dhambi yake, na kijana anayeanza kazi hii aijue mapema. Vitu vingi vinavyobeba biashara za matajiri vinatunzwa na watu wachache waliochoka. Mwaka 2014 tundu la Heartbleed lilipogunduliwa ndani ya OpenSSL, msimbo uliokuwa ukilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilijulikana jinsi waliokuwa wakiitunza walivyokuwa wachache mno. Machi 2024 ikawa zamu ya xz, programu ya kubana faili. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kumsaidia mtunzaji wake mmoja aliyelemewa, mpaka akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kulichelewa kama nusu sekunde na hakukubali kulipuuza. Kila nikiisoma habari hiyo namfikiria yule mtunzaji zaidi ya yule mdukuzi. Mtu aliachwa peke yake na kazi ya dunia nzima.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaokuja Ngong Road na Westlands kutafuta kazi: toa msimbo wako kwa moyo, lakini jasho lako lilipwe. Kampuni ikikwambia ufanye miezi mitatu "kwa ajili ya uzoefu", kataa, na mkatae pamoja, maana Kifungu cha 41 cha Katiba kinawapa haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na waandishi wa programu hawakutengwa. Mimi mwenyewe nilikataa pesa za kina mama mwanzoni, nikaona nimetenda wema. Kumbe niliwafunga midomo. Jedwali lilipokuwa na kasoro walikaa kimya, kwa sababu anayepewa msaada hadai. Siku walipochanga shilingi elfu tatu na nikazipokea, ndipo mwekahazina akanipa orodha ya mambo saba ya kurekebisha.

Kuhusu kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nitasema machache. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba za Luthuli Avenue hazikubali Windows 11, kwa hiyo Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inaweza kuipa mashine hiyo miaka mingine. Lakini usiiweke kwenye mashine ya mtu bila ruhusa yake. Mimi niliiweka kwenye ya shangazi kwa furaha yangu, printa ikagoma, akaenda kupanga foleni saiba kuchapisha barua ya mazishi. Ijaribu kwanza kutoka kwenye fleshi, angalia printa, Wi-Fi na sauti, mwache mwenyewe aishike siku mbili. Na ufundishe watu wawili, wala si mmoja, maana mmoja akihamia Ruai kikundi kinarudi gizani.

Mwezi uliopita kikundi kingine kutoka Dandora kilikuja kuliona lile jedwali. Wakauliza tunaliuza pesa ngapi. Mwekahazina akawaambia walete fleshi, akawanakilia yeye mwenyewe mimi nikiwa nimekaa pembeni. Wiki tatu baadaye walirudi na nakala yao. Wao hawatozi faini kwa siku bali kwa mkutano, kwa hiyo walikuwa wamebadilisha kanuni ya kukokotoa safu ya faini, na yao ilihesabu vizuri kuliko yangu pale mwezi unapokuwa na Jumamosi tano. Mwekahazina aliivuta miwani, akaipitia safu kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akawauliza kama anaweza kuichukua.