Bi. Mwalimu Ajibu: Kitabu Chote kwa Ghaibu, Neno Moja Hajui

Barua za mara hii zimetoka Lamu na viunga vyake, na zote zahusu watoto wadogo na kusoma. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwani aliyeiandika ameona mapema jambo ambalo wazazi wengi hawalioni mpaka mtoto afike Gredi ya Tatu.

Assalaam aleikum, Bi. Mwalimu. Mimi ni msichana wa Mkomani, nimemaliza kidato cha nne na bado sijapata kazi. Jirani yetu ameniomba nimsomeshe mwanawe wa miaka sita, yuko Gredi ya Kwanza, na kila mwisho wa wiki hunipa chochote. Twakaa dakani kwao, pale ukumbini penye mlango wa nyumba, baada ya Alasiri. Kitabu chake cha Kiswahili alikisoma kama maji, ukurasa baada ya ukurasa, nikadhani sina kazi. Juzi nikaziba picha kwa kiganja nikamwonyesha neno “kuku” peke yake. Akanitazama usoni. Nilipoifunua picha akasema “jogoo”. Tena penye “macho” husema “mato”, na penye “njia” husema “ndia”, kama tunavyosema nyumbani, na shuleni hutiwa alama ya kosa. Chuoni, kwa mwalimu wa Qur'ani, ni hodari, Juzuu Amma, ile ya mwisho, ameihifadhi karibu yote. Mamake ataka nianze na Kiingereza, asema Kiswahili mtoto amezaliwa nacho. Nianzie wapi? *Msomeshaji wa Dakani, Mkomani*

Waaleikum salaam, mwanangu. Kiganja chako kimefanya kazi ya mtihani mzima. Huyo mtoto bado hasomi. Husikiliza wenzake darasani, hushika, kisha hukusomea alichokishika huku akiangalia picha zisimpotee. Usimkemee, wala usiende kumwambia mamake kwamba mwanawe alikuwa akidanganya. Anayehifadhi Juzuu Amma kwa umri huo ana kichwa kizuri, na chuoni kushika kwa ghaibu ndiyo kazi aliyotumwa, hupongezwa kwayo. Amekifanyia kitabu cha shule jambo lile lile analosifiwa kwingine.

Kwanza jua alicho nacho. Kitabu kiweke kando kwa muda. Kata boksi la biskuti vipande vidogo, andika herufi ndogo moja moja kwa kalamu nzito, zichanganye, kisha muulize kila moja inatoa sauti gani. Jina la herufi usimuulize kabisa. Sitashangaa ukimwonyesha i akakwambia “ai”, na e akakwambia “ii”. Hizo ni nyimbo za herufi za Kiingereza alizoimbishwa tangu PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Mwenye “ai” kichwani akikutana na “kiti” atapata “kaitai”, aone ni upuuzi, akimbilie picha. Nani asingekimbia? Msafishie vokali hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu tumia chuo, maana hapo una mali ambayo msomeshaji wa bara hana. Mwalimu wake wa huko amekwisha kumfundisha kwamba herufi ya Kiarabu be yenye fat'ha ni ba, yenye kasra ni bi, yenye dhamma ni bu. Yaani ajua tayari kwamba sauti mbili huunganishwa zikatamkwa pamoja, na hapo ndipo watoto wengi hukwama muhula mzima. Mwandikie ba, bi, bu kwa mfululizo, na chini yake uziandike kwa Kiarabu kama mkono wako waweza. Atafurahi kuona ni kitu anachokijua. Silabi be na bo zilete baadaye, taratibu, kwa sababu e na o hazimo katika zile harakati tatu, alama za vokali, za chuoni. Usishangae akisoma “tembo” akasema “timbu”. Waandishi wetu wa zamani walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walikuwa na tabu hiyo hiyo: kasra moja ilibeba e na i, dhamma ikabeba o na u, na msomaji akajijazia mwenyewe kwa kuwa neno alilijua. Mtoto wa Gredi ya Kwanza hana hazina hiyo ya maneno, basi mpe nafasi.

Kwa hiyo anza na a, i, u, na konsonanti tano tu: k, m, n, s, t. Humo mna taa, saa, kiti, kisu, tui, mti, mtu, samaki, kisima na kimia cha kuvulia. (Mna na “tusi”, naye ataligundua kabla yako. Mwache acheke, amesoma.) Panga vipande vya boksi sakafuni utunge neno, alisome, kisha ugeuze herufi moja: saa iwe taa, sita iwe sima, kisa iwe kisu. Anayekariri hana pa kujificha hapo, kwa kuwa neno alilolishika sasa hivi limekwisha kubadilika. Mtungie na yasiyo na maana, kama “nusaki” au “tisamu”. Akiyatamka sawasawa ujue silabi zimeingia.

M ya “mtu” itakusumbua, atasema “mutu”. Mpigishe makofi: m, kofi; tu, kofi. Kisima, makofi matatu. Na kabla hajasoma mstari wowote, tia nukta ya wino mwekundu pale mstari unapoanzia, upande wa kushoto. Chuoni jicho lake limezoezwa kuanzia kulia, na ukimsikia asema “at” penye “ta”, sababu yaweza kuwa hiyo tu.

Sasa “mato” na “ndia”. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na ukali wangu ni juu ya ile alama ya kosa. Mtoto aliyeona “njia” akasema “ndia” amelitambua neno, amelielewa, kisha amelitamka kwa Kiamu cha mamake. Aliyeona “njia” akasema “gari” ndiye aliyetazama picha. Vipi wawili hawa wapate alama moja? Sera ya elimu yenyewe yataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na watu wa Lamu lugha yao ni hiyo. Ila usiwe mwepesi wa kumpongeza huyu wako: “mato” yake yaweza kuwa yametoka kwenye picha ya macho, maana kusoma bado. Mpime bila picha. Akisema “mato” tena, weka kidole chini ya ch, muulize yatoa sauti gani, na umwambie kwamba nyumbani twasema mato, aliyeandika kitabu kaandika macho, nasi twasoma alivyoandika. Usiongeze hotuba. Maji na mai, moja na moya, jana na yana, atakutana nayo kila siku, na akishazoea atajigeuzia mwenyewe bila kukuuliza.

Kuhusu Kiingereza, msikilize mamake kwa adabu, kisha uendelee na Kiswahili. Kwetu e ni e popote uikutapo. Kiingereza hata maneno yao ya kuhesabia moja na mbili hayatamkwi yalivyoandikwa, na mtoto anayetafuta bado kujua herufi ni nini hafai kutupwa huko kwanza. Akishaelewa kwamba herufi ni sauti na sauti huungana, atavuka nayo hadi Kiingereza, na wewe utabaki kumwonyesha penye ukaidi. Mamake akikuletea habari za maneno mangapi kwa dakika, kipimo kilichotumika Kenya kwa msomaji aliyeshika kasi katika madarasa ya kwanza ni maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Tofauti hiyo isimtishe: “hawajatuletea” kwetu ni neno moja, na kwao ni sentensi nzima. Lakini saa usimshikie sasa, huyu yuko kwenye silabi.

Kama kuna kaka au dada aliyesoma enzi za Tusome, ule mradi wa serikali uliosambazwa nchi nzima kuanzia 2015, huenda kitabu chake kimo kabatini. Kitafute. Kimepangwa sauti kwanza, kisha silabi, kisha neno na hadithi fupi. Maktaba iliyomo ndani ya Ngome ya Lamu nayo si mbali na dakani kwenu.

Herufi zikimtosha, mtie kwenye leso za mamake. Jina la leso, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya kanga, ni fupi, ni Kiswahili kitupu, na hakuna picha ya kumwokoa. Tatizo ni kwamba huandikwa kwa herufi kubwa, basi kwanza mwonyeshe kwamba A na a, G na g, R na r sauti yake ni moja. Chagua leso zenye dua na heri. Nyingine ni mafumbo ya wake wenza, na hutaki akaulize maana yake mbele ya wageni. Siku ya kutembea, mpeleke gatini, zinapofunga mashua, asome majina yake. Mamake akimsikia akisoma leso aliyojifunga yeye mwenyewe, maneno ya Kiingereza kwanza yatapungua.

Robo saa kwa siku yatosha. Mtoto ametoka shule, na akitoka kwako bado ana chuo. Mpe kipande cha mkate wa mofa na chai kabla hujatoa vipande vyako vya boksi. Dakika chache za mwisho msomee wewe hadithi, kidole chako kikipita chini ya maneno, na usimuulize swali lolote. Na mamake akikutaka umwambie mwanawe atasoma lini, usimtajie tarehe.

Bi. Mwalimu, binti yangu ana miaka mitano, yuko PP2. Anaandika b ikawa d, na jina lake huliandika kinyume, kutoka kulia. Ukiliweka mbele ya kioo ndipo lasomeka. Mke wangu asema ni kijicho. Mimi nasema ni macho. *Baba wa Matondoni*

Baba, nyote wawili mtulie. Katika umri huo ni jambo la kawaida kabisa, na kwa mtoto wa chuo huenda zaidi. Tangu azaliwe amejifunza kwamba punda akielekea gatini au akielekea mtaa wa Langoni ni punda yule yule. Leo aambiwa kijiti chenye tumbo kikielekea huku ni b, kikielekea kule ni d. Ni ajabu kwake, na ana haki.

Msimfundishe zote mbili kwa pamoja. Mshikilieni b peke yake, aiandike kubwa mchangani kwa kidole maji yakitoka: kijiti kwanza, tumbo baadaye. Ikishakaa, ndipo mlete d, nayo huanza na tumbo. Jina lake muwekeeni alama pa kuanzia, hapo kushoto, basi.

Macho nendeni mkapime ikiwa akisoma huleta kitabu puani, hukunja uso au huinamisha kichwa upande mmoja. Na masikio pia, hasa kama hutoka usaha. Watoto wa pwani hushinda majini, na asiyesikia vizuri tofauti ya “baba” na “dada” hataiona kwenye karatasi. Kama akifika Gredi ya Tatu bado azigeuza na kusoma kwake ni kwa tabu, ongeeni na mwalimu wake aangaliwe kwa makini zaidi.

Mwanangu Mwalimu, barua hii naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Mimi nasoma Qur'ani na barua za herufi za Kiarabu, hizi za shule sikufunzwa. Mjukuu wangu mdogo hunijia na kitabu chake niketi naye. Nina faida gani mimi? *Bibi wa Shela*

Shikamoo, Bibi. Unayo, tena kubwa. Kabla ya kuona herufi, yampasa mtoto asikie kwamba “kinu” na “kata” zaanza kwa sauti moja, na hilo hufunzwa jikoni bila karatasi. Unapokuna nazi mwambie ataje vitu vingine vinavyoanza kama kinu: kawa, kifumbu, kisu. Kisha muulize, “sahani” ukiondoa sa inabaki nini? Akisema “hani”, mgeuzie: ukiondoa ni? Ni mchezo tu kwake, lakini darasani ndio utakaomsaidia kuvunja neno. Vitendawili na ngano pia usiache. Neno ambalo hajapata kulisikia hata siku moja, akilikuta kitabuni atalitamka na asijue amesoma nini.

Akija na kitabu, keti naye. Huwezi kumtajia neno, nayo hiyo ni bahati yake, maana wakubwa wake humtajia kabla hajafungua mdomo. Akikwama mwambie arudi mwanzo wa neno, alisome kipande kipande. Akitamka kitu kisicho na maana mwambie, “Hilo silijui, tazama tena.” Ukurasa ukiisha, funga kitabu, akuhadithie yaliyokuwamo kwa maneno yake. Na huyo mjukuu mkubwa aliyekuandikia barua, wakati huo mtume dukani.